Kuisindikiza Kesi Hadi Nyumbani

Nikiwa mdogo, kabla sijajua kwamba kuna kitu kinaitwa serikali, alikuja kwetu mhunzi mmoja Mpangwa kutoka upande wa Liganga, kule ambako mawe yenyewe ni chuma. Alibeba majembe mgongoni kama mtu aliyebeba kuni, na tulimsikia kabla ya kumwona maana yalikuwa yanagongana. Baba akachukua moja, akampa mbuzi. Mvua za kwanza tu, jembe likapasuka. Baba aliwatukana Wapangwa wote, waliokufa na ambao hawajazaliwa, kisha akalitupa pembeni mwa zizi.

Mwaka uliofuata mhunzi akapita tena. Hakuna aliyemwambia neno. Aliliona mwenyewe pale zizini, akaweka mzigo chini, akaomba mkaa, akaanza kulifua upya. Sasa mimi nilidhani akimaliza ataondoka. Hakuondoka. Alitaka baba alime nalo kwanza. Akaketi kando ya shamba anakula maboga yetu, anatazama jembe linavyoingia ardhini.

Baba akamwambia, "Nenda zako, jembe ni zima."

Mhunzi akasema, "Umelima mahali laini. Lima pale penye mizizi."

Baba akalima penye mizizi, amenuna. Jembe likashika. Ndipo yule mtu akajitwika mzigo wake, akaenda, na maboga yetu tumboni.

Kwa nini nimeanza na mhunzi, sijui vizuri. Karani wetu wa baraza ameniambia kwamba mtu akiandika habari za kazi yake huanza na siku aliyoajiriwa. Labda ndivyo. Lakini jembe lile baba alinirithisha, na nimekwenda nalo kazini karibu miaka yangu yote, kwa hiyo naona nalo lina haki ya kutajwa. Ninyi vijana mlioshika kazi hii sasa mnakwenda na baiskeli. Ni vizuri. Baiskeli hailimi.

Mimi nilisoma kidogo. Mwalimu wa misheni alinifundisha herufi, nikafika mahali pa kusoma kwa sauti polepole, ndipo ng'ombe wa baba wakakosa mchungaji na mimi nikakosa shule. Nilipokuwa mtu mzima nikachukuliwa kuwa tarishi wa baraza hapa Makambako. Nilipewa fimbo, kofia, na koti la kaki. Koti lilikuwa la tarishi aliyenitangulia, mtu mnene, Mungu amlaze. Baridi ya kwetu mnaijua. Upepo ulikuwa unaingia shingoni, unazunguka mote humo ndani, unatokea chini, na mimi nimo.

Siku ya kwanza ilikuwa kesi ya ndugu wawili wanaogombea maji ya mfereji wa vinyungu, zile bustani za bondeni tunazolima kiangazi. Wa juu alikuwa amemzibia wa chini. Wazee wa baraza wakasikiliza, wakaamua, mfereji uzibuliwe, watu wakasimama kwenda zao. Nami nikashika fimbo yangu nikatafute chakula.

Sauti ikatoka kwenye benchi. "Wewe Ngailo, unakwenda wapi?"

Alikuwa Mzee Mlowe, mkubwa wa wazee wa baraza. Mtu mfupi, mweusi, ana jicho moja linalotoa machozi sikuzote, na wageni walidhani anawahurumia.

Nikasema, "Kesi imekwisha, Mzee."

"Imekwisha hapa. Huko inakokwenda haijafika. Mgeni akitoka kwako unamwacha mlangoni?"

"Hapana, Mzee. Namsindikiza."

"Haya. Kesi nayo ni mgeni. Ilikuja kwetu, inarudi kwao. Isindikize hadi nyumbani, uone imelala wapi."

Basi nikawasindikiza wale ndugu. Mmoja mbele, mmoja nyuma, mimi katikati. Tulipofika, yule wa juu alianza kuzibua mfereji kama mtu anayekuna kipele. Nikaenda nyumbani kuchukua jembe la Mpangwa, nikarudi, nikaingia matopeni pamoja naye. Yule wa chini alipoona tarishi wa serikali amekunja suruali, akaona haya, naye akaingia. Maji yalipofika kwake tulikuwa watatu tunaofanana, rangi moja ya tope. Hapo mmoja akacheka. Sikumbuki nani.

Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya mpaka nilipokabidhi fimbo mwaka huu. Nilibeba samansi pia, na kuita watu, na kufagia baraza, lakini hayo hata mtu mwingine angeweza. Mzee Mlowe alikuwa na njia yake. Alisema mtu akivunja kitu cha mwenzake, ukimpeleka jela ya Boma kule Njombe, atafagia uwanja wa Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, na uwanja wa Bwana Shauri haukuvunjwa na mtu. Akitengeneze alichovunja, kwa mikono yake, mbele ya macho ya aliyevunjiwa. Na awepo mtu wa kusimama katikati yao mpaka kazi iishe, maana wakiachwa wawili watapigana, na wakiachwa mbalimbali watadanganya.

Nawaachia mambo machache ya kusimama katikati. Ukifika mlangoni kwa mtu mwenye hasira, sema "Kamwene", msalimie kwa lugha ya kwao kama unaijua. Kiswahili ni lugha ya samansi. Ukianza na Kiswahili mlangoni, mtu anatafuta dirisha la kutokea. Nenda na viazi vya kuchoma mfukoni, kwa sababu hakuna mtu anayekupa chakula siku ya kwanza. Fimbo ni ya mbwa. Na usingoje kushukuriwa. Nimewaona matarishi wengine wakiharibu kazi nzima kwa kungoja kushukuriwa.

Palikuwa na kijana mmoja wa upande wa Lupembe aliyempiga mkewe akamvunja jino. Mzee Mlowe akaamua kijana abebe kuni za mama mkwe wake kiangazi chote, na mama mkwe awe anamwonyesha mahali pa kuzikata. Ninyi mnajua kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani. Basi mama anatangulia, anasema na miti, kijana anafuata nyuma na mzigo, anatazama ardhi, hawezi kujibu. Mama akawa anaueleza kila mti jinsi binti yake alivyozaliwa kwa shida, jinsi jino lake la kwanza lilivyoota. Kiangazi kizima! Mimi nafuata nyuma ya wote nasikiliza. Kijana akaniambia siku moja, "Tarishi, nipelekeni jela." Nikamwambia jela imejaa. Haikujaa.

Sasa nije kwenye mianzi ya Mama Yusta. Hii ndiyo niliyokaa kuiandika, nyingine zote zilikuwa zinaifungulia mlango.

Mama Yusta alikuwa mjane, anakaa karibu na bonde upande wa barabara ya Njombe. Binti yake, huyo Yusta, ameolewa mbali. Alichoachiwa na mume ni kichaka cha mianzi ya ulanzi, ile pombe ya utomvu wa mwanzi. Masika yakifika alikuwa anagema machipukizi, anafungia kila moja mbeta yake, kile kikombe cha mwanzi, asubuhi na jioni anakinga. Ulanzi wake ndio uliomvisha na kumlisha. Wazee wa kanisa walikuwa wanamkemea kwa ajili hiyo, naye alikuwa anawaambia, "Nionyesheni mti mwingine unaozaa kwa mjane."

Jirani yake akamwajiri kibarua, kijana Mkinga kutoka milimani huko Makete, jina lake Sanga. Kule Ukinga ukirusha jiwe bila kutazama linampata Sanga, lakini huyu ndiye Sanga ninayemsema. Jirani akamwonyesha kwa mkono, "Fyeka kutoka hapa hadi bondeni, uchome," akaondoka. Mama Yusta siku hiyo alikuwa ameenda Njombe. Huko milimani kwao mianzi huota yenyewe msituni, hakuna anayeipanda, ni kichaka kama kichaka kingine. Sanga akafyeka mpaka bondeni kama alivyoambiwa. Akachoma. Mwanzi ukiungua hupasuka kwa kishindo. Mama Yusta alikuwa anarudi, akasikia milio kutoka mbali, akamwambia mwenzake, "Leo wawindaji wamepata nguruwe." Alipofika akakuta majivu, na mbeta zake zimeungua zikiwa bado zina kamba.

Barazani Sanga alisema, "Mimi sikujua. Kwetu nani anapanda mwanzi? Ni kama kupanda mawe."

Mama Yusta akasema, "Na mimi nile mawe?"

Siku hiyo Bwana Shauri alikuwa amekuja kukagua baraza letu, ameketi kwenye kiti chake cha kukunja. Mzee Mlowe akatoa uamuzi. Jirani, kwa kuonyesha mpaka kwa mkono badala ya miguu, atamlisha mama nafaka mpaka mianzi itoe. Na Sanga atapanda mianzi upya, ailinde, mpaka Mama Yusta akinge ulanzi wa kwanza. Watu wakaguna. Mwanzi uliopandwa hauna haraka, unataka masika baada ya masika.

Bwana Shauri akasema, "Mzee, huyu ni mpita njia. Hana nyumba hapa, hana mke, hana ng'ombe. Atakimbia wiki hii."

"Akikimbia, Bwana, mtafute mtu mwingine wa kukalia benchi hili."

Bwana Shauri hakuwa mtu mbaya, alikuwa na mbwa aliyempenda kuliko kodi. Akasema, "Haya. Lakini akikimbia, mchezo huu umekwisha. Kesi zote za namna hii zitakuja Boma, na watu watalala jela. Umesikia?"

"Nimesikia."

Baraza lilipotoka Mzee Mlowe akaniita. Jicho lake linatoa machozi. "Ngailo," akasema, "umemwona mgeni wako?"

Tulianza na kutafuta mbegu. Mwanzi haupandwi kwa punje, unachimbua shina na mizizi yake kwa mtu mwenye kichaka. Wenye vichaka walikuwa wanauza ulanzi pia, na hakuna aliyekuwa na huzuni sana kwamba Mama Yusta hana. Akabaki mzee mmoja wa kanisa, Mzee Mtewele, ambaye alikuwa na mianzi ya zamani lakini ameacha kugema tangu alipobatizwa. Tukamwendea na Sanga.

"Mimi nitoe mbegu ya ulevi?" akasema. "Nitasimama wapi Jumapili?"

Nikamwuliza, "Baba, mwanzi ni dhambi?"

"Mwanzi si dhambi. Unajengea uzio."

"Basi tupe wa uzio."

Akafikiri sana, akashika kidevu. Akamgeukia Sanga, "Kijana, nakupa mianzi ya uzio. Umesikia? Uzio. Mama Yusta akiugema uzio wake, hiyo ni habari yake na Mungu." Akatuonyesha mahali penye mashina mazuri kabisa, yale ya utamu, na akatusaidia kuchimba. Nikampa Sanga jembe la Mpangwa, na tangu siku hiyo likakaa kwake.

Sanga alilala katika kibanda cha ndama kando ya ua wa Mama Yusta. Mama hakusema naye. Alikuwa na mbuzi mmoja mweupe, basi akawa anasema na mbuzi. "Mbuzi, mwambie huyo mchoma mianzi ugali uko jikoni." Na Sanga naye, baada ya siku kadhaa, akachoka kukaa kimya, akaanza, "Mbuzi, mwambie Mama nimeshukuru, lakini mboga haina chumvi."

"Mbuzi, mwambie chumvi niliinunua kwa ulanzi."

Mimi nimeketi katikati na viazi vyangu, natazama mbuzi. Mnyama yule alisikia mambo mengi.

Halafu, masika ya pili yakikaribia, nilifika asubuhi nikakuta kibanda ni kitupu. Blanketi hakuna. Mama Yusta amesimama uani, hakuwa hata na la kumwambia mbuzi. Akaniambia mimi, "Tarishi, mtu wako amekwenda." Na wakati huo huo tulikuwa tumepata habari kwamba Bwana Shauri anakuja tena Makambako.

Nilimkuta Sanga jua limepanda, kwenye barabara ya Njombe, blanketi begani, anatembea kama mtu asiyetaka kuonekana anaharakisha. Nikamfikia. Nikasema, "Kamwene." Akasema, "Kamwene." Tukaenda pamoja. Sikumshika. Ningemshika kwa nini, yeye ni kijana na mimi nimo ndani ya koti la mtu mwingine.

Baada ya mwendo akasema, "Sema basi."

"Niseme nini?"

"Uniambie nirudi."

"Wewe una miguu yako."

Tukaenda. Akasimama. "Sasa unakwenda wapi, Tarishi?"

"Nakusindikiza."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka kwenu. Kesi yako ikienda Ukinga, na mimi nakwenda Ukinga. Nimesikia kuna baridi kuliko hapa, nimevaa koti. Nitakaa kwa mama yako, nimweleze habari zote kutoka mwanzo, mianzi, mjane, mbuzi. Kisha nitamwuliza anaona nitulie kwake siku ngapi."

Sanga akanitazama aone kama nacheka. Sikuwa nacheka. Nilikuwa nimekwisha kupiga hesabu viazi vitanifikisha wapi.

"Humjui mama yangu," akasema.

"Nitamjua."

Tukaendelea kidogo, taratibu zaidi. Akaanza kusema peke yake. "Atanipiga mbele ya watu. Halafu atakuja Makambako mwenyewe, kwa miguu, apige magoti kwa yule mama. Halafu watapatana, wanawake wale, wataanza kunisema mimi." Akakaa juu ya jiwe. Nikampa kiazi. Akala. Akasema, "Nimechoka kuitwa mchoma mianzi. Kila ninakopita. Hata watoto."

Nikamwambia, "Ndiyo. Hilo ni gumu."

Akamaliza kiazi, akafuta mikono kwenye nyasi, akasimama akatazama njia ya kwao. Kisha akageuka, tukarudi. Tulipofika kwa Mama Yusta, mama alikuwa anapalilia mianzi yeye mwenyewe kwa jembe letu. Hakuinua kichwa. Akasema, "Mbuzi, mwambie chakula kimepoa." Bwana Shauri alipokuja alimkuta Sanga bondeni, matope hadi magotini, akasema "Hm", akaenda kumtafuta mbwa wake.

Yule mbuzi aliliwa na chui masika yaliyofuata. Ikawa tabu nyumba ile. Siku ya kwanza walikaa kimya kabisa. Siku ya pili Mama Yusta akatoka na sahani, akatazama huku na huku, akasema, "Sanga, njoo ule." Sanga akaniambia aliogopa kupokea sahani ile kuliko siku aliyosimama barazani.

Tangu hapo walisemezana, na walibishana, na nilipofika walinyamaza kama watu waliokatizwa. Mianzi ikasimama. Sanga alijua kila shina, lile lililopandwa wakati wa mvua, lile lililoliwa na fuko. Watoto waliacha kumwita mchoma mianzi, wakamwita Sanga wa Mama Yusta. Mimi kwa kweli sikuwa na kazi tena pale. Nilikwenda kwa sababu nilipenda kwenda. Mchana wa baada ya mvua, ukungu umepanda, mianzi inadondosha maji, wale wawili wanabishana kama kamba imekazwa au haikukazwa. Katika miaka yangu yote ya kazi, nikifumba macho, hapo ndipo ninapokaa.

Masika mengine yakaja, machipukizi yakawa yametimia. Mama Yusta akagema, Sanga akafunga mbeta alizochonga mwenyewe. Tukaitwa. Mzee Mlowe alikuja kwa kushikwa mkono, maana jicho la pili nalo lilikuwa limeanza kutoa machozi, haoni vizuri. Jirani akaja. Mzee Mtewele wa kanisa akasimama nje ya ua, kwa sababu anapita tu.

"Huo ni wa asubuhi hii?" akauliza kutoka nje.

"Wa asubuhi hii, baba," akasema Mama Yusta. "Mtamu, haujachacha."

"Kama haujachacha ni maji ya mti," akasema Mzee Mtewele, akaingia.

Mama Yusta akajaza kikombe cha kwanza. Tulidhani atampa Mzee Mlowe. Akampa Sanga. Kisha akasema mbele yetu sote, na nilijua amelifikiri siku nyingi, kwamba kipande kile cha kinyungu karibu na mfereji ni cha Sanga, kibanda atakibomoa wajenge nyumba, na mwenye kutafuta mke kwa ajili ya kijana huyu aanze kutafuta. Watu wakapiga vigelegele. Mzee Mlowe alikuwa anatabasamu hewani. Mimi nilikuwa nimefurahi kama vile mimi ndiye ninayepewa.

Sanga akanywa mpaka mwisho. Akarudisha kikombe kwa mikono miwili.

"Mama, ndio wenyewe? Kama ule wa zamani?"

"Ndio wenyewe."

"Haukupungua?"

"Haukupungua, mwanangu."

Akaitika kwa kichwa. Akaenda mferejini akaosha miguu, akaosha jembe, akaliegemeza ukutani karibu na mlango, makali chini. Akaingia kibandani akatoka na blanketi begani. Vigelegele vikafa. Akapiga goti mbele ya Mzee Mlowe, akapiga goti mbele ya mama. Mama Yusta bado ameshika kile kikombe. Mtu mmoja akataka kumwita, Mzee Mlowe akainua mkono.

"Ngailo," akasema, "mgeni anaondoka."

Nikamsindikiza. Tulipita bonde, tukapita kwa jirani, tukafika njia panda ya Makambako, barabara moja inakwenda Njombe na Ukinga, nyingine inakwenda Mbeya, nyingine Iringa. Nilitaka kumwuliza kwa nini anaacha alichopewa. Nilikuwa na viazi mfukoni, nikampa vyote. Akavifunga katika pindo la blanketi, akasema, "Rudi sasa, Tarishi. Mianzi ni mizima. Hapa panatosha," na akavuka barabara, akaishika ile ya Iringa, ambako hakuwa na mtu yeyote, anatembea bila haraka, mpaka pale barabara inapopinda penye miti ya miwati. Nilisimama nikidhani atageuka. Akapinda, na hakurudi tena.